Muhuri Uliozidi Herufi

Hapo zamani za kale, yaani Machi ya mwaka juzi, palikuwa na nchi. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Kila likitajwa inabidi mtu asimame wima, na magoti yangu siku hizi hayataki. Nchi hiyo ilikuwa na mito miwili, bendera moja na lugha mbili. Lugha ya kwanza ilikuwa ya kuongea, kutukana, kuposa na kuzika. Ya pili ilikuwa Kiingereza, nayo ilikuwa ya mihuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nachonga mihuri.

Sikusoma. Nilifika darasa la tatu, paa la shule likaezuliwa na upepo, serikali ikasema tungoje bati. Mpaka leo. Lakini kazi ya mihuri haitaki shule, inataka wembe. Unachukua soli ya kandambili, unaisugua mpaka iwe laini, unaichonga herufi, unaigandisha kwenye kipande cha mti. Herufi zinachongwa kinyume ili zikigongwa zisomeke sawa. Kwa hiyo herufi zote nazijua kinyume. Ukiniandikia sawasawa napata tabu kidogo. Maana ya maneno ndiyo sikuwahi kuuliza. Anayeshona sanda haulizi ni ya nani.

Na mtu asidharau kandambili. Nusu ya serikali ile ilikuwa kandambili. Kuna bwana alifungwa miaka kumi kwa soli ya mguu wa kushoto, naikumbuka, ilikuwa ya bluu. Nilipendelea mguu wa kushoto, hauliki sana kisiginoni.

Siku moja akaja kibandani kwangu Katibu wa Wizara ya Afya, bwana Rutakinga, mtu wa tai na jasho. Akanipa karatasi yenye mistari mitatu, akasema, "Fundi, mihuri mitatu ya Hospitali Kuu. Chonga kama ilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze."

Nikachonga kama ilivyoandikwa. Sasa bwana yule alikuwa ameandika orodha. Alianza na A, halafu neno. B, halafu neno. C, halafu neno, kama wafanyavyo watu wa ofisini ili vitu vitatu vionekane vingi. Ila nukta hakuweka. Mimi nitajuaje? Mstari wa kwanza niliona A WAIT, nikachonga AWAIT. Wa pili nikachonga BPASS. Wa tatu CCLOSED.

Alipokuja kuchukua alianza na ule wa pili. "Hii BPASS ndiyo nini, mzee? Neno hili halipo duniani!" Akautupa. Akachukua wa tatu, akautupa juu ya wa pili. Akachukua wa kwanza, akafungua mdomo, akaufunga. Akatoa simu, akabonyezabonyeza.

"Hili lipo," akasema. Akasoma tena. "Tena lina uzito kuliko lile nililoandika."

Akaondoka nalo. Kwa hiyo nilikosea mara tatu. Mara mbili lilikuwa kosa kwa sababu neno halikuwepo. Mara ya tatu halikuwa kosa kwa sababu, kwa bahati mbaya, lilikuwepo.

*

Mke wangu aliitwa Mwajabu. Alikuwa anashona matakia. Nyumba yetu haikuwa na kiti cha maana ila takia lilikuwepo kila mahali, hata juu ya ndoo. Miaka thelathini na mmoja tulikaa pamoja, na katika hiyo yote nilikaa pazuri.

Akaota uvimbe tumboni. Tulikwenda Hospitali Kuu siku ya Jumatatu, tukampata daktari kijana, mpole, mwenye mifuko chini ya macho. Akambonyeza, akaniita pembeni. "Baba, uvimbe huu tukiutoa wiki hii, mama anarudi nyumbani. Tukiuacha upasuke wenyewe, harudi. Nimemwandikia Alhamisi."

Nikasema haya. Maneno yalikuwa mepesi, hata mimi niliyaelewa.

Ila faili halitoki kwa daktari likaenda chumba cha upasuaji moja kwa moja. Linapita dirisha namba mbili, kwa karani wa mafaili, Bi Leokadia, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akachukua muhuri, akaugonga juu ya faili la Mwajabu. Nikatazama. AWAIT, na mbele yake, kwenye faili, nukta nyingi za kujazia.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. "Hiyo nimechonga mimi," nikamwambia.

"Ndiye wewe?" Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayetazama jino lililomuuma. "Basi kaa chini, fundi, nikueleze ulichokichonga."

Akanieleza. Muhuri wa zamani, uliokwisha kwa kugongwa, ulisema WAIT. Maana yake kaa hapo benchini uitwe. Mgonjwa anakaa, anaitwa. Huu mpya ulipofika, Wizara ilishtuka, ikamtafuta Profesa Lutengano aeleze tofauti. Profesa akatoa waraka. Maneno haya mawili, akasema, ni ndugu lakini hawali sahani moja. Wait ni kitenzi kinachoweza kusimama peke yake. Await hakiwezi. Kinataka yambwa.

"Yambwa inapatikana wapi?" nikauliza. Nilidhani ni dawa.

"Yambwa ni kile kitu chenyewe, fundi. Await nini? Lazima kitajwe. Na faili lenye mstari mtupu haliendi mbele."

"Si uandike kwamba anangojea kupasuliwa?"

"Karani haruhusiwi kuandika yambwa. Yambwa anaandika daktari."

Daktari akaitwa. Alikuwa na haraka, akaandika for operation, akakimbia. Faili likapelekwa kwa wakaguzi wa sarufi, walikuwa na chumba chao kipya palipokuwa na maabara. Jumatano likarudi na mstari mwekundu. Await haichukui for. Wait ndiyo huchukua for. Await hukamata kitu kwa mkono mtupu. Daktari akafuta for. Faili likarudi Ijumaa, kwa sababu kufuta kitu kwenye faili la serikali ni kughushi. Alhamisi yetu ilikuwa imepita jana yake.

Likafunguliwa faili jipya. Daktari akaandika operation, peke yake, kwa mkono wa mtoto wa darasa la kwanza, polepole. Likarudi na swali: hiyo operation ni ile inayojulikana, au ni yoyote tu? Na swali la pili: muhuri huu ni amri. Anaamrishwa nani? Mgonjwa hasomi faili. Daktari si wa kuamrishwa na karani. Basi anayeamrishwa kungojea ni faili lenyewe.

Nao wakaliweka faili kabatini, lingojee.

*

Mheshimiwa Waziri alisikia kuna mgogoro wa sarufi, akaja na magari saba. Wagonjwa waliokuwa na uwezo wa kusimama walipangwa kwenye jua kumpokea. Mwajabu alisimama, ameshika takia lake mbele ya tumbo. Waziri akasema:

"Ndugu wananchi! Wako watu, ndani na nje ya nchi, wanaosema serikali hii inawangojesha watu. Ni uongo! Kungojesha kulikuwa kwa serikali iliyopita, iliyotumia wait. Mwananchi alikuwa anangoja bila kujua anangoja nini. Serikali ya awamu hii imemwongezea mwananchi herufi! A! A ya Afya! A ya Amani! A ya Ari! Na ili herufi hii isichezewe, naunda leo Tume ya Kulinganisha Maneno Mawili. Mpaka tume itakapomaliza, mafaili yote yenye muhuri huo yasiguswe, yasije yakaharibu ushahidi."

Tukapiga makofi. Mwajabu hakupiga, mikono ilikuwa na takia.

Tulipoketi akaniuliza, "Baba Siwema, hivi huyu bwana kasema nini?"

Siwema ni binti yetu, ameolewa mbali. Nikamweleza kama nilivyoelezwa dirishani, wait na await, yambwa na kila kitu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mbona hata kwetu lipo hilo," akasema. "Ngoja na ngojea. Ukiniambia ngoja, nanyamaza nakaa. Ukiniambia ngojea, nakuuliza, ningojee nini? Mpaka uniambie ndiyo nikae. Hilo ndilo la kuundia tume?"

"Profesa ana shahada nne."

"Basi amekaa kwenye takia zuri." Akacheka kidogo, akashika tumbo. "Usinichekeshe, mwanamume wewe."

Nikaona nimwambie. Nikamwambia ule muhuri nimechonga mimi, na ile A haikuwa ya neno, ilikuwa ya orodha. Nikamwambia na BPASS. Alicheka mpaka akalia, mpaka sista akaja kumwambia hapa ni hospitali.

"A moja?" akasema alipopata pumzi. "A moja ya kandambili? Si uende ukawaambie, mume wangu?"

*

Nikaenda. Nilivaa shati la Idi. Tume ilikaa kwenye wodi ya wazazi, wazazi wamehamishiwa ukumbini. Walikuwa wanane, kila mmoja na chupa ya maji. Katikati Waziri, kulia kwake Profesa Lutengano, mwisho wa meza bwana Rutakinga na tai yake.

Nilisema ukweli. Nilisema waheshimiwa, ile A ni ya kuhesabia. Ni A, B, C. Karatasi ya Katibu ninayo, hii hapa. Nukta haikuwekwa. Naomba muirudishe wait, kwa sababu mke wangu ana uvimbe na daktari alisema Alhamisi, na Alhamisi zimepita nne.

Wakapokezana karatasi. Bwana Rutakinga alipofikiwa aliitazama kama hajapata kuona karatasi.

Profesa akasema, "Kwa sauti ya taaluma, mzee anachokisema hakiwezekani. A ile ni kiambishi chenye historia ya karne nyingi. Nimeshaiandikia sura mbili."

Waziri akasema, "Unataka kuniambia Jamhuri nzima imesimama kwa ajili ya nukta?"

"Kwa ajili ya nukta ambayo haipo, mheshimiwa."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"La tatu."

"Basi kitenzi elekezi usikiingilie." Wakacheka wote wanane, mmoja akamwaga maji. Kisha Waziri akaacha kucheka. "Sikiliza, mchonga kandambili. Muhuri ule umeshagongwa mara elfu nne. Kosa likigongwa mara moja ni kosa. Likigongwa mara elfu nne ni sera. Nenda. Na karatasi hiyo iache hapa."

Nikaiacha. Wala sikubishana. Watu huwa wananiuliza, kwa nini hukubishana? Siwajibu. Mtu hajui mdomo wake unavyokuwa mzito mpaka asimame mbele ya watu wanane wenye maji.

*

Nilirudi kwenye benchi letu la hospitalini nikakuta Mwajabu amelala upande. Uvimbe ulikuwa umepanda, ngozi imekuwa inang'aa. Akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa.

Halafu akasema, "Wembe unao?"

Nilikuwa nao. Huwa uko mfuko wa shati, umefungwa kwenye karatasi.

"Nenda dirishani ukaikate. Faili jipya likigongwa linasoma lile neno la zamani. Leokadia ataligonga, daktari yuko tayari, mimi niko tayari. Ni A moja, Baba Siwema."

Nikaenda dirisha namba mbili. Muhuri ulikuwa mezani, umefungwa kwa mnyororo mdogo kama wa mbwa. Mlangoni palikuwa na askari mwenye bunduki, anakula muhogo. Bi Leokadia aliniona, akauona na mkono wangu ulivyo mfukoni. Akausogeza muhuri mpaka ukingoni mwa dirisha. Kisha akageuka, akaanza kutafuta kitu kabatini, na akakitafuta kwa muda mrefu.

Nikaushika. Nikaugeuza. Herufi zangu zilikuwa zinanitazama kinyume, zinavyopaswa. A ilikuwa mwisho kabisa, upande wa kulia, imejitenga kidogo na wenzake. Nilikuwa nimeiachia nafasi, sijui kwa nini. Kuikata ni kama kukata kucha.

Na juu ya mti pameandikwa, pia kwa mkono wangu: Mali ya Serikali.

Askari akakohoa. Ni muhogo tu ulimkaba, nadhani. Nikaurudisha muhuri mezani, nikaunyoosha ukae sawa. Bi Leokadia alipogeuka akauona ulivyo. Alivua miwani akaifuta kwa kanga, ingawa haikuwa chafu.

Nikarudi kwa Mwajabu. Alinipisha nikae, akaniwekea nusu ya takia.

Alikufa Jumatatu ya wiki ya sita, saa nne asubuhi, benchini. Daktari alikuja anakimbia. Hakukuwa na pa kukimbilia. Alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe, mpaka wakamwita tena.

Mimi niliokota takia.

*

Sasa kutoa maiti. Maiti haitoki bila faili, na faili lilikuwa kabatini na mstari mtupu. Chumba cha maiti wakasema hawawezi kumtoa mtu anayengojea kitu kisichojulikana. Nikatumwa kwa wakaguzi, wakaguzi wakanituma kwa Tume, Tume walikuwa wamekwenda semina. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili nikarudi dirisha namba mbili.

Bi Leokadia akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akatoa faili kabatini. Akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika neno moja kwenye zile nukta, akanisukumia.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Nimeandika husband. Await husband."

"Ndiyo kusema nini?"

"Ngojea mume."

Nikalichukua faili nikaenda chumba cha maiti. Wakalisoma, wakanisoma mimi, wakasema mume ndiye wewe, nikasema ndiye. Wakalipokea neno, wakanipa mke. Tukamzika siku hiyohiyo, kabla ya alasiri. Siwema alifika tumeshamaliza.

Wiki ya pili wakaguzi walipitia makabati. Nilisikia walifika kwenye faili la Mwajabu wakasimama. Yambwa ipo. For haipo. Hakuna kilichofutwa. Mume anajulikana ni yupi. Profesa Lutengano aliitwa akaliangalia, akasema katika mafaili elfu nne ya Jamhuri, hili peke yake halina kosa. Bi Leokadia alipewa onyo kwa kuandika yambwa bila cheo, na siku hiyohiyo akapewa cheti.

*

Ripoti ya Tume ilitoka baada ya arobaini ya Mwajabu. Kurasa mia sita na kumi na mbili, jalada la kijani. Bi Leokadia alinisomea palipokuwa muhimu. Wanasema wait na await maana yake ni karibu moja, yaani kukaa mpaka jambo fulani lifike. Tofauti ni mwendo. Wait hujitosheleza, ikitaka kubeba kitu huomba msaada wa for. Await hubeba yenyewe, lakini ikiwa tupu haitembei. Yote ambayo Mwajabu aliyasema siku ile amefumba macho, isipokuwa wao waliweka na picha. Ukurasa wa arobaini na moja, chini ya kichwa kisemacho Mfano wa Matumizi Sahihi, wameweka faili lake. Jina wamelifunika kwa wino, kwa heshima ya familia. Lile neno la kalamu wameliacha.

Mwisho kuna pendekezo. Tume inapendekeza serikali irudi kwenye wait. Sababu ni kwamba await inailazimisha serikali kutaja mwananchi anangojea nini, na hilo linaweza kuleta matarajio.

Nikaitwa hospitalini kwa barua. Bwana Rutakinga alikuwepo, tai mpya. Hakunitazama. Akauweka muhuri mbele yangu. Walikuwa wameufungua mnyororo.

"Fundi, ondoa hiyo A. Usiongeze, usipunguze."

Nikatoa wembe, nikaikata. Sikuhesabu muda, lakini bwana Rutakinga alikuwa anawasha sigara, na njiti haikuwa imezimika. A ilidondokea mapajani kwangu. Ndogo, ya bluu, ya mguu wa kushoto. Nikaitia mfukoni, na hakuna aliyeuliza, maana A haikuwa tena mali ya serikali.

Katibu akaugonga kwenye karatasi ajaribu. WAIT. Akaridhika, akaenda zake na ripoti kwapani.

Nilipotoka nilipita kwenye lile benchi. Palikuwa na nafasi mwishoni, pale alipokuwa anakaa. Nikakaa. Yule askari wa muhogo akanijia, amepewa kijitabu cha kanuni mpya, anakishika kama sahani ya moto.

"Mzee, unangojea nini hapa?"

Nilifikiri. Nilitaka nimjibu vizuri, kijana wa watu anafanya kazi yake.

"Singojei kitu, mwanangu. Nangoja tu."

Akafungua kijitabu, akatafuta kwa kidole, midomo inachezacheza.

"Hiyo inaruhusiwa," akasema. "Kaa."